Filamu nne za Meksiko zenye visa vingi ndani ya moja: uanze na ipi?

Mtu hukwama hivi: amepata orodha ya filamu za Meksiko, nne kati yake zinaelezwa kwa maneno yale yale matatu, yaani tamaa, utambulisho na familia, na zote nne zimejengwa kwa visa kadhaa badala ya kimoja. Maneno hayo hayamsaidii kuchagua, kwa sababu yanazienea zote kama kanzu isiyo na saizi.

Kinachozitenga ni uzi. Shanga zinaweza kuwa za rangi moja, lakini kuna zilizotungwa zikakazwa, kuna zilizotungwa kwa ulegevu, na kuna ambazo zimewekwa tu kwenye kisahani kimoja. Ukishajua filamu yako ni ya aina gani, unajua pia namna ya kuitazama: kama unaweza kusimama katikati ukaendelea kesho, au ukikatiza umeshaiharibu.

Filamu zenyewe ni hizi: *Amor, amor, amor* pamoja na kipande chake kiitwacho *Los bienamados* (1965), *Viento distante* (1965), *El callejón de los milagros* (1995) na *Amores perros* (2000). *Revolución* ya mwaka 2010, yenye waongozaji kumi na visa kumi vifupi, nimeiacha nje kwa makusudi. Ile ilitengenezwa kuadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya 1910, na swali lake ni la nchi kuliko la nyumba.

Vigezo

Kila filamu imepimwa kwa mambo matano.

*Uzi:* nini kinashikilia visa pamoja?

*Tamaa:* nani anamtamani nani, na filamu inahukumu, inahurumia au inanyamaza?

*Nyumba na nafsi:* familia inamfanya mtu awe nani?

*Ugumu:* wakati unarukaruka kiasi gani, na unahitaji umakini gani?

*Matayarisho:* muda, umri wa watazamaji, hali ya picha, maandishi ya tafsiri.

Tuzo nimezitaja pale tu zinapoeleza jambo. Miisho sijaifichua.

Kwanza, kwa nini mbili ni za mwaka mmoja

Miaka ya mwanzo ya 1960 sinema ya Meksiko ilikuwa imedorora. Chama cha waongozaji kilikuwa kimefunga mlango, na kijana asiye na kadi ya uanachama hakuwa na njia ya kuongoza filamu ndefu ya kibiashara. Mwaka 1964 tawi la mafundi la chama cha wafanyakazi wa utayarishaji wa filamu, STPC, likatangaza Shindano la Kwanza la Sinema ya Majaribio. Matokeo yalitoka 1965. Filamu kumi na mbili zilifika mwisho. Ya kwanza ilikuwa *La fórmula secreta* ya Rubén Gámez, isiyo na kisa hata kimoja cha kufuata, na ya pili *En este pueblo no hay ladrones* ya Alberto Isaac. *Amor, amor, amor* ikashika nafasi ya tatu na *Viento distante* ya nne.

Kwa nini wageni hawa walipenda visa vifupi? Sababu moja ni ya mfuko na nyingine ni ya kalamu. Kisa kifupi kinampa mwongozaji asiye na uzoefu mzigo anaoweza kuubeba. Tena wakati huo waandishi wa hadithi fupi wa Meksiko walikuwa wamepamba moto: Carlos Fuentes, Juan García Ponce, Inés Arredondo, José Emilio Pacheco. Kwa hiyo neno "majaribio" hapa lisikutishe. Si picha za mistari na madoa. Ni hadithi za watu wa kawaida zinazosimuliwa kwa njia ambayo studio za wakati ule zisingeikubali, na zinazoingia vyumba ambavyo studio zilikuwa zikivifunga.

Amor, amor, amor / Los bienamados (1965)

*Uzi.* Ndio mlegevu kuliko yote. Mtayarishaji Manuel Barbachano Ponce alikusanya visa vitano vya mapenzi, kila kimoja na mwongozaji wake: *Tajimara* (Juan José Gurrola), *Un alma pura* (Juan Ibáñez), *Las dos Elenas* (José Luis Ibáñez), *Lola de mi vida* (Miguel Barbachano Ponce) na *La sunamita* (Héctor Mendoza). Hakuna mhusika anayevuka kutoka kisa kimoja hadi kingine. Baadaye viwili vya kwanza vilitengwa vikaonyeshwa kwa jina la *Los bienamados*, yaani wapendwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapata nakala yenye visa viwili wanadhani imekatwa, au wanapata yenye vitatu wanalalamika kwamba *Tajimara* haimo. Kabla hujaanza, soma majina ya visa kwenye maelezo ya nakala yako. Visa viwili maana yake ni *Los bienamados*, na ni kitu kamili kinachosimama chenyewe.

*Tamaa.* Hapa filamu inagusa mwiko mzito kuliko nyingine zote katika ulinganisho huu: mapenzi ya maharimu. Katika *Tajimara*, iliyotoka kwenye hadithi ya García Ponce, kuna kaka na dada wachoraji wanaoishi peke yao nje ya mji, na uhusiano wao hausemwi kwa sauti na mtu yeyote mpaka mtazamaji mwenyewe aone haya kwa kuuelewa. Katika *Un alma pura*, kutoka kwa Fuentes, kaka anakimbilia ng'ambo ili awe mbali na dada yake, kisha anampenda mwanamke anayefanana naye. Anayemwigiza dada ni Arabella Árbenz, binti wa Jacobo Árbenz, rais wa Guatemala aliyepinduliwa mwaka 1954. Filamu hazimhukumu mtu. Hazimtetei pia. Zinakaa kimya, na ukimya huo ndio utakaowagawa watazamaji wako.

*La sunamita* ndiyo ningemshauri mtu asiikose. Jina ni "Mshunami", na msomaji wa Biblia atamkumbuka Abishagi, msichana aliyeletwa kumpa joto Mfalme Daudi uzeeni. Katika hadithi ya Arredondo, Luisa anaitwa kumuuguza mjomba anayekata roho. Ndugu na padri wanamsihi akubali kufunga ndoa na mzee huyo kitandani pa mauti, ili mali isipotee. Anakubali kwa huruma. Kisha mzee anapata nafuu, na anadai haki ya mume. Mtu yeyote aliyewahi kuona kikao cha ukoo kikimzunguka msichana kwa maneno laini, "fanya kwa ajili yetu", atajua hasa kinachotokea chumbani mle.

*Nyumba na nafsi.* Nyumba hapa ni chombo kisichopitisha hewa. Watu wake ni wa tabaka la kati, wamesoma, wana vitabu na sahani za santuri, wanajiona wa kisasa. Lakini kila wanapotaka kujua wao ni nani wanakuta jibu liko kwa ndugu, mama au mjomba. *Las dos Elenas* inalichezea jambo hilo kwa kejeli: mke kijana anahubiri uhuru wa mapenzi mbele ya mumewe, huku mama yake, ambaye naye anaitwa Elena, amekaa kimya pembeni.

*Ugumu.* *Tajimara* ndiyo ngumu. Roberto anaendesha gari akiwa na Cecilia, anasimulia, na kumbukumbu zinaingia katikati ya safari bila hodi. Dawa yake ni moja: shikilia gari. Gari ndilo sasa, mengine yote ni jana. Ukilishika hilo kwa dakika kumi za kwanza hutapotea tena. Jambo jingine la kujua ni kwamba waongozaji wanne kati ya watano walitoka kwenye tamthilia za jukwaani. Utaona mwigizaji akisimama na kusema maneno yake kama aliye mbele ya hadhira. Wengine hilo huwachosha. Mimi naona linafaa, maana watu wa visa hivi wanaishi kwa kuigizana.

*Matayarisho.* Picha ni nyeusi na nyeupe. Kila kisa cha *Los bienamados* ni karibu saa moja, hivyo jioni moja inatosha kwa viwili na mazungumzo mafupi. Ni ya watu wazima, si kwa sababu ya miili bali kwa sababu ya jambo lenyewe. Nakala zenye maandishi ya tafsiri ni haba kuliko za filamu nyingine hapa.

*Inamfaa nani.* Anayependa hadithi fupi, anayesomea fasihi, na kilabu kinachotaka kubishana baada ya filamu. Haimfai anayetaka kisa kianze, kipande na kifike.

Viento distante (1965)

*Uzi.* Utoto. Visa vitatu: *En el parque hondo* (Salomón Laiter), *Tarde de agosto* (Manuel Michel) na *Encuentro* (Sergio Véjar). Viwili vya kwanza vimetoka kwa José Emilio Pacheco, ambaye kitabu chake cha hadithi fupi kiliipa filamu jina. Cha tatu kinatoka kwa Sergio Magaña. Mshono unaonekana hapo, kwa kuwa wawili wa mwanzo ni ndugu na wa tatu ni mgeni aliyekaribishwa.

*Tamaa.* Ni ile ya kabla mtu hajalijua jina lake. *Tarde de agosto* inamfuata mvulana wa miaka 14 anayempenda binamu yake mkubwa, Julia. Anachukuliwa matembezi pamoja na Julia na mchumba wake hadi Desierto de los Leones, ambayo licha ya jina lake si jangwa wala haina simba: ni msitu wa misonobari upande wa magharibi wa Jiji la Meksiko. Julia anavutiwa na kindi mtini. Mvulana anapanda kumkamata. Mlinzi wa hifadhi anamkuta huko. Basi. Hakuna busu, hakuna ugomvi mkubwa, ila fedheha ya mtoto mbele ya mtu anayempenda inakaa kifuani kuliko vifo vingi vya sinema.

*Nyumba na nafsi.* Wazazi hawaonekani sana. Katika *En el parque hondo* mvulana anaishi na shangazi anayempenda paka wake kupita kiasi. Paka anaugua, shangazi anampa mvulana pesa ampeleke kwa daktari wa mifugo akauawe bila maumivu, na rafiki yake anamwambia pesa ile ingeweza kufanya kazi nyingine. Kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani akabaki na chenji ataiona njia panda hiyo. Nafsi inazaliwa pale, kwenye uongo wa kwanza wenye thamani.

*Ugumu.* Mdogo. Wakati unakwenda mbele, sentensi ni fupi. Kinachotakiwa ni subira tu, kwa kuwa mambo makubwa yanatokea usoni mwa mtoto na si mahali pengine.

*Matayarisho.* Nyeusi na nyeupe pia. Kati ya nne, hii ndiyo unayoweza kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari bila kuita kikao cha wazazi. Unaweza kuonyesha kisa kimoja kwa kipindi kimoja cha darasa. Kutafuta nakala nzuri kunaweza kuchosha. Tafuta kwa jina la filamu na pia kwa jina la kila kisa pamoja na mwongozaji wake.

*Inamfaa nani.* Walimu, wanaojifunza Kihispania, na watu waliochoshwa na makelele.

El callejón de los milagros (1995)

*Uzi.* Kichochoro kimoja katikati ya Jiji la Meksiko, na kinyume na zile za 1965, mkono wa mwongozaji mmoja: Jorge Fons. Mwandishi wa mswada ni Vicente Leñero. Sura zina majina ya watu, Rutilio, Alma na Susanita, kisha inakuja sura ya kurejea. Ufundi wake uko hapa: sura hizo tatu zinaanzia alasiri ile ile, kwenye baa ya Rutilio, wanaume wakicheza dhumna. Mara ya kwanza unaona mchezo tu. Mara ya pili kamera iko upande mwingine, na mtu aliyepita mlangoni bila wewe kumjali sasa ndiye mwenye kisa. Ukifika ya tatu umeanza kuwatazama wapitanjia wote kwa wasiwasi. Kwa hiyo usichelewe kuingia, na usimruhusu mtu aruke "sehemu ya dhumna" kwa kudhani inajirudia bure.

Kisa hakikuzaliwa Meksiko. Kilizaliwa Cairo, katika riwaya ya Naguib Mahfouz ya mwaka 1947 kuhusu kichochoro cha al-Midaqq. Aliyeisoma atafurahia kuhesabu mabadiliko. Mkahawa umekuwa baa. Hamida amekuwa Alma. Kinyozi Abbas, anayekwenda kutafuta pesa kwenye kambi za jeshi la Waingereza, amekuwa Abel, kinyozi anayevuka mpaka kwenda Marekani. Hilo la mwisho ndilo la akili kuliko yote, maana kilichobaki bila kubadilika ni kijana anayedhani atarudi na fedha akute msichana anamsubiri pale pale alipomwacha. Kwa msomaji wa pwani yetu, baraza, kahawa, dhumna na umbea wa kichochoro havihitaji maelezo.

*Tamaa.* Ina sura nyingi na zote zina bei. Rutilio, baba mwenye mamlaka, anamtamani kijana wa kiume, na hataki kuficha tena. Alma, anayeigizwa na Salma Hayek, anataka kutoka kichochoroni kuliko anavyomtaka mwanamume yeyote. Susanita, mwenye nyumba za kupangisha, amechoka kulala peke yake na anaamini karata za kubashiri. Wa kwanza anatendewa kama mkasa, wa tatu karibu kama kichekesho. Wapo wanaoona si haki. Nami naona Margarita Sanz, anayemwigiza Susanita, ndiye aliyeiokoa sura hiyo isiwe ya dhihaka.

*Nyumba na nafsi.* Mtu hapa si mtu peke yake. Ni mtoto wa fulani, mpangaji wa fulani, mteja wa fulani. Anayetaka kuwa mwingine lazima aondoke, na filamu inauliza kama aliyeondoka ataruhusiwa kurudi.

*Ugumu.* Wa kati. Majina ni mengi katika nusu saa ya kwanza. Andika manne tu pembeni: Rutilio, mwanawe Chava, Abel, Alma. Wengine watajitambulisha.

*Matayarisho.* Karibu dakika 140, rangi, na mapumziko yanafaa kuwekwa baada ya sura ya Alma. Kuna ukahaba, ukatili wa nyumbani na damu. Ilipata kutajwa kwa heshima kwenye tamasha la Berlin kwa ubora wa usimulizi wake, na pia Goya, tuzo ya sinema ya Hispania, ya filamu ya kigeni inayozungumzwa Kihispania. Ndiyo maana nakala zenye tafsiri si ngumu kama zile za 1965. Sura ya Rutilio inadai tahadhari moja ya kisheria, nimeieleza chini.

*Inamfaa nani.* Mtazamaji wa tamthilia ndefu za runinga anayetaka kupanda ngazi moja, kwa sababu atakuta mapenzi, usaliti na kuondoka anakokujua, ila kumepangwa na fundi. Pia msomaji wa Mahfouz.

Amores perros (2000)

*Uzi.* Ajali ya gari. Ndio uzi uliokazwa kuliko yote. Sura tatu, *Octavio y Susana*, *Daniel y Valeria*, *El Chivo y Maru*, zinakutana kwenye makutano ya barabara, na ajali inarudi mara kadhaa kutoka pande tofauti. Mwongozaji ni Alejandro González Iñárritu, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Mswada ni wa Guillermo Arriaga. Uzi wa pili ni mbwa: kila nyumba ina mbwa wake, na anavyotendewa mbwa ndivyo watu wa nyumba hiyo wanavyotendeana.

*Tamaa.* Octavio anamtaka mke wa kaka yake, na anamwingiza mbwa wao Cofi kwenye mapigano ili apate nauli ya kutoroka naye. Daniel ameacha mke na watoto kwa ajili ya mwanamitindo Valeria. El Chivo, aliyewahi kuwa mpiganaji wa msituni na sasa anaua kwa malipo, anamtamani mtu mmoja tu, bintiye aliyemwacha akiwa mdogo. Tamaa hapa haina muda wa kujieleza.

*Nyumba na nafsi.* Ndugu dhidi ya ndugu, mara mbili ukihesabu vizuri. Sura ya kati ndiyo wengi huilalamikia kuwa inapunguza mwendo: nyumba mpya, sakafu yenye tundu, mbwa mdogo Richie amedumbukia chini ya mbao na hatoki. Usiiruke. Baada ya saa nzima ya mbio, filamu inakufungia ndani na watu wawili waliopata walichokitaka, wakisikiliza kitu kinakwaruza chini ya miguu yao.

*Ugumu.* Kufuata kisa ni rahisi, kustahimili ndiyo kazi. Onyo la mwanzo linasema wanyama hawakudhuriwa, lakini jicho haliamini. Kihispania ni cha mitaani, cha matusi, na tafsiri yoyote inakipunguza makali.

*Matayarisho.* Dakika 154. Ukianza saa 11 jioni utamaliza saa 1:34 usiku bila mapumziko, na ni vizuri iwe hivyo. Mpigapicha Rodrigo Prieto aliacha hatua moja ya kusafisha filamu irukwe ili madini ya fedha yabaki kwenye picha. Weusi umekuwa mzito na rangi zimekauka. Kwenye projekta dhaifu weusi huo unameza nyuso. Zima taa zote, funga madirisha, na jaribu mandhari ya usiku kabla wageni hawajafika.

*Inamfaa nani.* Asiye na mazoea ya filamu za majaribio na anayetaka ashikwe shingo tangu dakika ya kwanza. Haimfai mpenda mbwa mwenye moyo mwepesi.

Yanayoharibika mara kwa mara

Maandishi ya tafsiri yakichelewa kwa muda ule ule mwanzo hadi mwisho, yasogeze tu: kwenye VLC, programu ya kuchezea video, herufi G na H husogeza kwa milisekunde 50 kila mbonyezo. Yakizidi kuachana kadiri filamu inavyoendelea, tatizo ni kasi ya picha. Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 25, dakika 100 zinakuwa 96, kwa hiyo mwishoni umekosa dakika nne nzima. Hapo kusogeza hakusaidii. Tafuta faili lililoandikwa kwa kasi ya nakala yako.

Herufi kama ñ na á zikigeuka takataka, badilisha usimbaji wa maandishi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili, kwenye mipangilio: mafaili ya zamani mengi ni ya Windows-1252, mapya ni UTF-8. Kwa zile za 1965 fanya maandishi yawe ya njano. Meupe juu ya ukuta mweupe au shati jeupe hayasomeki.

Ukiona nyuso zimetanuka kama zimekaliwa, televisheni imeivuta picha ya zamani ijaze skrini. Kwenye VLC bonyeza A mpaka ikae sawa, uvumilie mikanda meusi pembeni.

Usizitegemee sauti za madijei wa kutafsiri kwa hizi. Dijei ni bingwa pale kisa kikiwa ngumi na risasi, lakini hapa nusu ya maana iko kwenye ukimya, na dijei hawezi kunyamaza, si kazi yake.

Na kama unaonyesha hadharani, hata bure, wasiliana kwanza na bodi inayokagua filamu nchini mwako: Kenya ni KFCB, Tanzania ni Bodi ya Filamu. Mwaka 2018 KFCB ilipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. *El callejón* ina sura nzima ya aina hiyo, na haishauriwi kuikata, maana sura nyingine zinaanzia mle.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una jioni moja na marafiki wasiopenda kusoma maandishi: *Amores perros*, kwa kuwa dakika za mwanzo hazihitaji kusomwa.

Unatazama na mzazi: *El callejón*, ila mwambie mapema habari ya Rutilio asije akashtukizwa mbele ya wajukuu. Mama akiwa ni mtu wa ibada sana, *Viento distante*.

Unasoma fasihi na una mwezi mzima: soma kwanza hadithi, kisha tazama kisa chake, kimoja kwa wiki. Anza na *La sunamita*, fuata *Tarde de agosto*, uiache *Tajimara* iwe ya mwisho.

Unataka kujifunza kuandika mswada wa visa vingi: *El callejón* na *Amores perros*, siku mbili mfululizo. Chukua karatasi, andika kila mara dhumna au ajali inaporudi, na uandike ni kitu gani kipya umepewa. Ukikuta marudio ambayo hayakukupa kitu, umepata kosa la fundi. Mimi nimelipata moja tu katika zote mbili.

Umeshaziona hizo mbili maarufu na unataka kujua zilitoka wapi: *Los bienamados*. Mtazame vizuri Claudio Obregón akiwa Roberto nyuma ya usukani katika *Tajimara*. Miaka 30 baadaye utamkuta tena kwenye kichochoro cha Fons, mzee sasa, kwa jina la Don Fidel.